Hodi ya Mawe

Sogeeni niwape kisa, na mwenye usingizi akalale kwao.

Palikuwa na nyumba ya watawa, wanawake pekee, iliyojengwa na malkia kwa mawe ya matumbawe. Malkia alipokufa wakamzika humo, wakawa wanamwombea kila siku. Mwanawe, Mfalme Shekuwe, akataka kasri. Akaibomoa nyumba ya watawa, akachukua mawe yote, hata ya kaburi la mamake.

Mkuu wa watawa, Bi Mwanashee, akamfuata. Akapiga hodi mlangoni pa nyumba aliyokaa mfalme kasri likijengwa. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, na mfalme yuko dirishani anamtazama, anatafuna tende.

"Mwanangu, umeninyima karibu," akasema bibi. "Basi hodi yangu nawaachia mawe."

Kasri likaisha, mfalme akahamia. Siku ya kwanza ukuta ukasema, "Hodi." Akaziba masikio. Siku ya pili, "Hodi." Akakimbilia bandani kwa punda, akalala huko. Siku ya tatu alikuwa amerudi ndani, yu peke yake, anakula wali wa nazi, kajisahau.

"Hodi," ukasema ukuta, kwa sauti ya mamake.

"Karibu, mama, ingia ndani."

Mawe yakaingia. Kuta na dari, yote yakaingia pale alipoketi.

Bi Mwanashee akaja na kikapu cha tende, akaketi juu ya kifusi. Chini yake mtu akapiga hodi. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu.

Bibi alitafuna tende zake mpaka zikaisha, akajifuta mikono, akaenda zake.

Nanyi mkipita kwenye magofu yale, msiitikie hodi.