Tupia Huko

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana maana mifuko ya plastiki ilikuwepo, aliishi mjane aitwaye Bi Mwanatumu na bintiye Zuwena. Nyuma ya nyumba palikuwa na bwawa. Bi Mwanatumu alikuwa na dawa moja ya kila kitu. Mfuko umepasuka? "Tupia huko!" Ndala imekatika? "Tupia huko!" Sufuria imetoboka? "Tupia huko!" Na Zuwena akatupa bwawani.

Siku ya posa ikafika. Zuwena alimpenda kijana wake, jamani, hata mchuzi alisahau kuutia chumvi. Bi Mwanatumu akafagia, akatandika mkeka, akawaketisha wakwe. Msemaji wao alikuwa bibi yake kijana, Bi Hidaya, kizee asiyecheka ovyo. Kahawa haijamiminwa, wakasikia:

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Karibu," akaitikia Bi Mwanatumu, akidhani ni jirani.

Kweli alikuwa jirani. Akaingia kiboko, tope mpaka masikioni, na furushi mgongoni.

"Shikamooni. Mimi ndiye Huko."

"Huko wapi?" akauliza Bi Mwanatumu.

"Huko wa bwawani. Jina alinipa marehemu mama. Miaka yote hii nasikia, 'Tupia Huko! Tupia Huko! Tupia Huko!' Nikasema, ama kweli nina jirani mkarimu. Nyumbani sina tena pa kulala, lakini zawadi haikataliwi. Sasa, sahani ya jirani hairudi tupu. Leo nimesikia mna shughuli, nikaona haya kuja mikono mitupu."

Akamwaga furushi mkekani. Mifuko, ndala za mguu mmoja, sufuria. Akatoka, akaleta la pili. Akatoka, akaleta la tatu. Bi Mwanatumu alitamani ardhi ipasuke immeze. Zuwena akaanza kulia.

Bi Hidaya akajifunga kanga. "Twendeni zetu. Mjukuu wangu haoi jaani!"

"Samahani, bibi," akasema Huko kwa adabu. "Nyinyi si watu wa mtoni kule juu? Maji yenu yanaingia kwangu. Mfuko ukipasuka kwenu mnasemaje?"

Bi Hidaya akatazama dari.

"Tunasema tupia huko."

"Basi zawadi za kwenu nitazileta harusini."

Bi Hidaya akaketi. "Mwanangu Mwanatumu," akasema, "mimina kahawa."

Harusi ikaahirishwa mpaka bwawa lisafishwe, na wakwe wa pande zote mbili wakaingia topeni. Tangu hapo Bi Mwanatumu huenda sokoni na kikapu cha ukindu, sufuria humpelekea fundi azibe, maganda huwapa mbuzi. Harusini Huko alikuja mikono mitupu, na hakuna mgeni aliyepigiwa vigelegele kama yeye.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe mwenye maganda ya karanga, naona unaangaza macho kutafuta pa kuyatupa. Huko anakusikia.