Jina Moja kwenye Wimbo wa Makame

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Mwisho nina swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Huko Wete walikuwapo vijana watatu waliofanya kazi chumba kimoja. Faki alizielewa programu za zamani, zile ambazo wenzake walishazizika. Time, dada wa maneno machache, aliweza kuchukua kitu kigumu akakifanya chepesi hata kwa mtu asiyewahi kugusa kompyuta. Na Biubwa? Biubwa alikuwa mbishi. Ukimwambia kitu kimekamilika, hatulii mpaka akione kimeharibika.

Jirani yao alikuwa Bi Saumu, mwimbaji wa taarabu. Marehemu mumewe, Makame, alitunga muziki kwenye kompyuta, na wimbo wake wa mwisho aliumaliza wiki aliyofariki. Maneno Bi Saumu aliyajua, lakini muziki wenyewe hakupata kuusikia. Kompyuta ile ikafa. Mafaili yaliokolewa, ila programu yake kongwe, ukiiweka kwenye kompyuta mpya, inagoma kama bi harusi aliyepelekwa nyumba asiyoitaka.

"Wanangu," aliwaambia, "nataka niusikie kabla na mimi sijaondoka."

Faki akatengeneza programu akaiita Mwenyeji. Kazi yake ni kuipokea programu ya zamani na kuidanganya kwamba bado iko kwenye kompyuta ya enzi zake: rangi chache, kioo kidogo, tarehe ya wakati ule. Bila uongo huo hakifunguki kitu. Bi Saumu akakaa mbele ya Mwenyeji, akaona swichi zimejaa kioo kizima, akavua miwani.

"Hii labda rubani ataiweza, Faki."

Time akaibomoa sura yote, akaijenga upya. Swichi zikaondoka machoni. Sasa Mwenyeji akawa anauliza tu: programu yako ilizoea kompyuta gani, na mara ya mwisho uliitumia siku gani, saa ngapi? Ukijibu, mengine anayapanga mwenyewe. Bi Saumu alijibu bila kuomba msaada. Programu ikafunguka, ikamwambia wimbo hauwezi kuchezwa kwa sababu bado haujaandikwa.

Machozi yalikuwa yanamlenga, akajikuta anacheka. "Haujaandikwa? Na mimi niliyempelekea chai alipoumaliza?"

Faki na Time walisema faili limeharibika, basi tena. Biubwa akabisha. Akarudia jibu moja baada ya jingine mpaka akafika kwenye saa.

"Hapa umejaza ngapi, Bi Saumu?"

"Saa mbili asubuhi. Aliumaliza saa moja, ndipo nikampelekea chai."

Biubwa akapiga makofi. Kompyuta haihesabu saa kama sisi. Mbili yake ya asubuhi ni saa nane yetu ya usiku. Faili lina saa lilipoandikwa, na kwa ile programu saa hiyo ilikuwa haijafika: Makame alikuwa bado amelala. Time, Mswahili wa watu, aliuliza saa kama anavyoulizwa nyumbani kwao, wala hakukumbuka kwamba mashine haikuzaliwa Wete. Wakasahihisha, na wimbo ukakubali kufunguka.

Bi Saumu hakutaka kuusikia peke yake. Akasubiri siku ya kumzindua Mwenyeji mpya mbele ya watu wote, ukumbi ukafurika. Kikundi chake cha taarabu kina desturi: wimbo mpya hutoka na jina la mtu mmoja wa kusifiwa, na jina hilo huimbwa kila wimbo uimbwapo. Makame alikuwa ameacha nafasi ya jina hilo kwenye ubeti wa mwisho.

"Bila mimi mngefungua nini?" Faki alisema, akijifanya anatania.

"Na wewe ulifungua kwa nani?" Time akamuuliza. "Aliyeweza kuitumia ni wewe peke yako."

"Nyote mlikuwa mmeshakata tamaa," Biubwa akasema. "Faili mlishalizika."

Mtu akapendekeza waimbwe wote watatu. Bi Saumu akakataa. Mizani ya mumewe ilibeba jina moja, naye hakuwa tayari kuivunja.

Muziki ukaanza. Bi Saumu akafumba macho, na kwa ubeti wa kwanza sauti yake ilitetemeka kwa furaha. Ubeti wa pili ikasimama imara. Ulipofika wa mwisho akafumbua macho, akawatazama wale watatu waliokaa mstari wa mbele, akavuta pumzi ya kutaja jina.

Haya, kipaza sauti mnacho nyinyi. Makame anasubiri ubeti wake ujazwe. Je, wewe ungemtaja nani?