Kwa Nini Wazee Huota Asubuhi

Hadithi ipo na wasikilizaji mpo, basi sogeeni niitoe kabla haijanisahau.

Hapo zamani, kabla mchana haujawa mweupe, Jua alikuwa na rangi moja tu, wekundu wa papai lililoiva, tangu anachomoza mpaka anazama. Hakuwa na haraka. Alitembea juu ya nchi ya Chumvi kama mtu aliyetoka kula akashiba, na watu wa nchi hiyo walifanya kazi zao ndani ya mwanga mpole usiomkunja mtu uso. Hata vivuli vilikuwa laini. Mtoto aliweza kulala kwenye kivuli cha mbuzi asijue kimeanzia wapi.

Siku hizo macho hayakuwa yakizeeka. Mgongo ulipinda, meno yaling'oka, magoti yalinung'unika, lakini bibi kizee alitunga shanga sawasawa na kitukuu chake, tena akimcheka kwa uzembe. Maana nyuma ya mboni ya kila jicho pana kiwambo, ngozi nyembamba kuliko utando wa yai, imewambwa kama ya ngoma, na mwanga ukiipiga ndipo mtu huona. Na ndani ya kiwambo hicho mna jiko. Wapishi wake ni wadogo mno, hawahesabiki, na kazi yao ni kupika nguvu ya kuonea. Mwanga mwekundu ndio uliokuwa kuni zao, kuni kavu zisizotoa moshi. Walipika huku wakiimba, polepole, na wimbo wao ndio ule mng'ao mnaouona kwenye macho ya mtoto mchanga.

Kilichoharibu mambo ni chumvi. Watu wa nchi ile walikuwa wakianika maji ya chumvi kwenye madimbwi, na kwa jua lile la upole yalichukua msimu mzima kukauka. Wakachoka kungoja. Wakapanda mlimani kwa ngoma na vigelegele wakamwomba Jua aongeze moto. Jua akawauliza kama wana hakika, nao wakasema wana hakika kabla hajamaliza kuuliza. Basi akajikaza, akawa mweupe, akawaka kutwa nzima. Chumvi ikakauka, nchi ikang'aa kila upande, na watu wakafurahi huku wamekunja nyuso.

Kule ndani ya macho wapishi walichanganyikiwa. Kuni zimekuwa nyingi, kali, zinarusha cheche. Wakapika kwa kukimbizana, moshi ukajaa, masizi yakaganda nyuma ya kiwambo. Walinzi wa mwili, ambao sisi tungewaita sungusungu, wakaona moshi wakadhani adui ameingia. Wakaja na marungu na ndoo za maji. Mwanzoni walisaidia, tusiwasingizie: walizoa masizi, wakazima cheche. Lakini moshi haukuisha, nao hawakurudi kwao. Wakapiga kambi jikoni. Wakakanyaga vyungu, wakawapiga vikumbo wapishi wenyewe, na mahali pale pakavimba, pakawa pa moto. Vijana, kwa kuwa wapishi wao walikuwa bado wengi, hawakuhisi kitu. Wazee ndio walioanza kupapasa.

Mmoja wao alikuwa Nyamizi, msuka vikapu, mke wa Mihambo. Ugonjwa wake ulikuwa na kejeli: pembeni anaona, katikati haoni. Akitazama kikapu, ukingo upo, kitako hakipo. Kwa vikapu hakujali, vidole vyake vilijua njia. Lakini siku moja alimgeukia mumewe amwambie uji umeiva, akaona masikio mawili yamekaa kando ya ukungu.

"Baba Kabula," akasema, maana waliitana kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "uso wako umeuweka wapi?"

"Nimeuanika na chumvi. Ukikauka nitaurudisha."

"Sikutanii, mume wangu. Naona masikio tu."

Mihambo akauchukua mkono wa mkewe akauweka shavuni mwake, na Nyamizi akapapasa paji, pua, ndevu zilizokosa wembe. Kisha akaanza kulia.

"Mkono unaniambia una pua. Hilo nilikuwa nalijua. Hauniambii kama umenikasirikia au unacheka."

Giza halikumtisha Nyamizi. Alichoogopa ni kuishi na mtu huyu miaka yote iliyobaki bila kujua anamtazamaje.

Wazee wakakutana, wakamtuma Chiriku kwa Jua, kwa sababu ndege huyo ni mwepesi na hachoki kusema. Jua alisikiliza akasikitika. "Mchana siwezi kuurudisha," alisema, "mtama na chumvi vimeshanizoea. Lakini kila nikiamka nitavaa rangi yangu ya zamani kwa kitambo kidogo. Wenye macho yaliyochoka watoke, waote..." Hapo Chiriku alikuwa ameshageuka. Si ndege wa kungoja mwisho wa maneno. Njia nzima alilirudia lile alilolishika lisije likamponyoka, akafika akilipiga kelele: "Muote! Jua amesema muote!"

Hakuna aliyeuliza swali. Kuota ni ndoto, na ndoto ni usingizi, nani asiyejua? Kwa hiyo Jua alipoamka mwekundu, akaipaka milima rangi, na madimbwi, na mashuke ya mtama, hakuna mzee aliyemwona. Walikuwa ndani, milango imefungwa, wamejifunika gubigubi, wanaitafuta ndoto kwa bidii kama watu waliodondosha sindano.

Nyamizi aliota, tena aliota vizuri. Alijiona anatembea juu ya chumvi nyekundu isiyochoma nyayo, na mbele yake anakuja Mihambo anachunga mbuzi wa rangi ya maziwa. Uso wake ulikuwa mzima, na kila ukope mahali pake. Alitabasamu, na chumvi ikaanza kupanda angani taratibu, chembe baada ya chembe, mpaka wakawa wamesimama ndani ya nyota. Nyamizi alitamani asiamke. Ila alipomsogelea akaona shavu halina mkunjo hata mmoja, wala halina lile kovu alilolipata siku walipojenga nyumba.

Akaamka amekasirika.

"Huyo wa ndotoni ni kijana tu," alimwambia mumewe. "Mzuri, sikatai. Lakini hajanizikia wazazi wangu, hajaniuguza mimi. Mimi namtaka huyu mzee."

Tangu hapo usingizi ukamkimbia. Alfajiri, nchi nzima ya wazee ikikoroma, yeye alikuwa anajigeuza kitandani na kutetemeka kwa baridi, mpaka Mihambo akachoka kuvutwa blanketi.

"Mama Kabula, kama umeshindwa kulala si utoke nje ukaote jua?"

Nyamizi akakaa kitako. "Umesema nini?"

"Ukaote jua. Unatetemeka."

"Kuota jua!" Akacheka mpaka akakohoa. "Siku zote hizo tunaota usingizini, kumbe tumeambiwa tuote jua! Yule ndege nikimpata, nitamnyonyoa."

Akatoka na kigoda chake. Mashariki palikuwa pekundu. Hakumkodolea Jua macho, kwa kuwa mwenye adabu hamkodolei anayemsaidia. Aliinamisha uso, akaacha wekundu umfikie kwa upole, akafumba, na ndani ya kope mlikuwa mwekundu pia, kama nyumba iliyokokwa moto mdogo. Kule jikoni wapishi wakainua vichwa. Ni kuni zile za zamani! Wakapika, na moshi ukapungua. Sungusungu, walipokosa moshi wa kupigana nao, wakaona aibu kidogo, wengine wakaweka marungu chini, wengine wakajiondokea bila kuaga.

Nisiwadanganye, masizi ya siku nyingi hayakutoka yote, na chungu kilichovunjika hakikuungika. Nyamizi hakurudishiwa uso mzima. Aliota jua asubuhi baada ya asubuhi, wazee wenzake wakamfuata mmoja mmoja na vigoda vyao, naye Mihambo akawa anakaa mbele yake akingoja. Siku moja ukungu ulipasuka mahali padogo, kiasi cha shanga. Katika tundu lile Nyamizi aliona jicho moja la mumewe, lenye mikunjo pembeni. Nalo lilikuwa linamtazama yeye, na lilikuwa limejaa machozi na kicheko kwa pamoja.

"Haya," akasema, "sasa nimejua."

Na tangu zama hizo, Jua huamka mwekundu kabla hajawa mweupe. Chiriku hupiga kelele kila alfajiri, neno lilelile, bado hajalimaliza. Neno kuota likabaki la ndoto na la jua, na wazee wakawa watu wa kuamka mapema, watoke wakakae kwenye mwanga wa kwanza wamefumba macho. Msidhani wamesinzia. Kila mmoja wao yuko pale kwa ajili ya uso anaotaka kuuona tena, kwa hiyo mkipita, piteni kwa nyuma, msiwazibie.