Mafuta ya Magoti ya Pelele

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipika, walifua na kufagia nyua zao kama sisi. Basi katika bonde lao kisima kilianza kukauka. Kila mmoja aliona kwamba baada ya miezi mitatu watahama, wavuke mlima na kulifuata ziwa la upande wa pili.

Mlima wenyewe ulikuwa mkali. Swala akasimama mbele ya wote.

"Jamani, mlima huu hatutauweza kwa siku moja ya ujasiri. Kila alfajiri tukimbie mchakamchaka. Kidogo tu, lakini kila siku. Hakuna kukosa!"

"Na mimi je?" akauliza Bibi Kobe, ajuza wa bonde. "Hata nikikimbia mwaka mzima sifiki."

Nyati akapiga kwato chini, ti! "Wewe bibi nitakubeba mimi. Mgongo huu wote wa nini?"

Wote wakashangilia.

Siku ya kwanza Nyati alikimbia. Siku ya pili alikimbia akilalamika. Siku ya tatu alikaa kizingitini akijisugua magoti, na hapo ndipo alipopita Pelele, kile kinyama cha mapangoni, kidogo kama sungura, ulimi mwepesi.

"Shikamoo, mjomba Nyati. Kulikoni?"

"Marahaba. Magoti, Pelele. Yanawaka moto!"

"Lo! Mtu mzima kama wewe unakimbizwa na Swala? Mimi nina mafuta. Unajipaka, unalala. Nguvu zinaingia zenyewe."

"Zenyewe?"

"Zenyewe! Mimi sijakimbia hata hatua moja. Hebu nitazame!" Akarukia jiwe, chupu! Akashuka, chupu!

Nyati akameza mate. "Unataka nini?"

"Kapu la tini kila asubuhi. Basi."

Mafuta yenyewe yalikuwa tope lililochanganywa na majivu. Nyati akajipaka, akajifunika shuka.

"Mume wangu, amka twende," mkewe alimwambia kila alfajiri.

"Nimeshapaka," alijibu Nyati, akageukia ukutani.

Bi Nyati alikwenda peke yake. Wiki ya kwanza alirudi akichechemea, na siku moja alitapika mlangoni. Lakini kesho yake alitoka tena. Mwezi wa tatu alikuwa akirudi anaimba. Pelele naye alikaa pangoni akitafuna tini, nyam nyam nyam, hata tumbo likawa linagusa chini.

Kisima kikakauka kabisa. Bibi Kobe akapandishwa mgongoni kwa Nyati pamoja na kifurushi chake, safari ikaanza.

Hawajafika hata kona ya kwanza, Nyati akaanza kuhema. Hee! Hee! Magoti yakatetemeka, yakakunjika, puu! Akaanguka kifudifudi, bibi akiwa bado mgongoni.

"Pelele!" akaita. "Leta mafuta, upesi!"

Wote wakageuka. Pelele alikuwa nyuma kabisa, amelala juu ya tumbo lake, ulimi nje.

"Jipake na wewe, mjukuu wangu," Bibi Kobe akamwambia kwa huruma ya kweli. "Mbona unateseka na dawa unayo?"

Hakuna aliyecheka. Pelele akafumba macho.

"Ni tope," akasema. "Tope na majivu. Nilitaka tini."

Nyati alitaka kukasirika, lakini hasira ikakataa kuja. Maana moyoni alijua. Tangu kapu la kwanza alijua, ila kitanda kilikuwa kitamu.

Mkewe akasogea karibu. Aliinama tu. "Bibi, hamia kwangu."

Bibi Kobe akampapasa Nyati kichwani. "Si neno, mwanangu. Umenibeba mpaka hapa."

Hapa! Kutoka hapa Nyati aliona paa la nyumba yake. Bibi angemtukana ingekuwa nafuu.

Wale wengine wakapanda, chakachaka, chakachaka, wakapotea juu. Nyati na Pelele wakapanda wakipumzika kila hatua kumi, bila kutazamana usoni. Walifika ziwani jioni ya siku ya pili. Nyati akaenda kunywa mwisho kabisa wa ufuko, kichwa chini. Pelele akanywa nyuma ya majani. Hakuna aliyewauliza kitu, na hilo ndilo lililowachoma zaidi.

Alfajiri Swala akaita wote kwenye mchakamchaka kama kawaida. Nyati akatoka, macho chini, akashika mkia wa mstari. Magoti yalimuuma vibaya. Nyuma yake akasikia vishindo vidogo na pumzi nzito, hee, hee. Hakugeuka. Alipunguza mwendo kidogo tu, Pelele asiachwe.

Basi, wanangu, nguvu za mwili huja kwa anayeamka kuzitafuta kila siku, wala hakuna wa kukupaka ukiwa umelala.