Pimbi na Sheria ya Kivuli

Hapo zamani za kale, siku ambazo hata vivuli vilikuwa na kiburi, wanyama wa Bonde la Mkwaju waliishi chini ya sheria moja tu. Wewe uliyekalia mguu wa mwenzio, sogea, usikie vizuri. Sheria ilikuwa hivi: kitu chochote kikiangukiwa na kivuli chako, ni chako.

Basi. Hiyo tu.

Mnaona ilikuwa sheria ya kina nani? Ya Bwana Tembo, na Bibi Twiga, na wenzao wenye miili. Waliiweka babu zao, na hakuna aliyekumbuka kwa nini. Tembo akitoka matembezini, puu! puu! puu!, kivuli chake kinapita juu ya chungu cha Nguchiro, chungu cha watu kiko jikoni kinachemka. "Changu!" Kinapita juu ya kapu la Kanga. "Changu!" Twiga naye akichungulia ua wa mtu, hata kuni zilizoanikwa zinaondoka.

Jioni ndiyo ilikuwa balaa. Jua likiinama, kivuli cha Tembo kilirefuka, kikavuka kijito, kikaingia vijijini kabla mwenyewe hajafika.

Kwa hiyo wadogo hawakutulia. Jua likisogea, nao wanasogea. Kacha kacha! Mbio mbio! Masufuria upande huu, mara upande ule, mara nyuma ya kichuguu. Hakuna aliyekula chakula akakimaliza ameketi. Mimi ningekuwa huko ningeshapata wazimu.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja, Bi Digidigi, swala mdogo kuliko swala wote. Alikuwa na binti mmoja tu, jina lake Chausiku. Bi Digidigi alimficha binti yake ndani mchana kutwa. Mtoto hakujua jua linavyopasha mgongo.

Jioni moja panzi aliruka mlangoni, tiki! Chausiku akamtazama. Panzi akaruka tena, tiki! Chausiku akamfuata. Yuko nje, anacheka, anarukaruka, mara uwanja mzima ukawa giza.

"Wangu!" Tembo akanguruma.

Bi Digidigi akatoka mbio na mwiko mkononi. "Bwana Tembo! Huyo ni mtoto! Ni mwanangu wa kumzaa!"

"Sheria inasema kitu chochote," Tembo akajibu. "Tena nilikuwa natafuta wa kunifukuzia nzi masikioni."

Wakaenda kwa hakimu. Hakimu wa bonde alikuwa Mzee Kobe, ambaye aliihifadhi sheria kichwani tangu ujana wake. Akaisikiliza kesi, akafumba macho, akayafumbua.

"Sheria... inasema... kitu... chochote."

"Lakini mtoto si kitu, mzee wangu!" Bi Digidigi akalia.

"Haijasema... kwamba... si kitu." Kobe akaendelea. "Kesho... akabidhiwe."

Haya, ungekuwa wewe ungefanya nini? Usinijibu, najua ungelia. Bi Digidigi naye alilia, huku anakimbia, hadi kwenye jabali kubwa lililoko upande wa macheo. Huko alikaa Pimbi.

Pimbi ni kanyama kadogo, hakana mkia, hakana pembe. Watu walimwona mvivu, kwa sababu kila asubuhi alikaa juu kabisa ya jabali akiota jua, bila hata kupepesa jicho. Lakini jua likishampasha moto hatulii tena. Atapanda, atashuka, atauliza hiki, atachokonoa kile.

"Pimbi, shoga yangu, kesho mwanangu anakwenda kufukuza nzi!"

"Acha kunililia manyoyani, yanalowa. Hebu nieleze." Akaelezwa. Akaanza kwenda huku na huku, chaku chaku chaku, juu ya jiwe. "Mh! Hii sheria inaniwasha. Inaniwasha siku nyingi."

"Twende basi tukamwombe Tembo. Tupige magoti."

"Tumwombe! Akikurudishia Chausiku, kesho kutwa atachukua mtoto wa Kanga. Mimi sitaki huruma yake. Nataka hiyo sheria imrudie mwenyewe tumboni, aitapike."

Akashuka jabali, akaenda kwa Tembo.

"Hodi! Hodi!"

"Karibu. Nani huyo? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Niko hapa chini, karibu na ukucha wako. Shikamoo, Bwana Tembo."

"Marahaba. Umekuja kumwombea yule mama?"

"Mimi? Thubutu! Nimekuja kukuonya. Wadogo wanasema sheria yako ina matundu. Wengine wanasema haishiki asubuhi. Wengine wanasema haimshiki mwenye roho."

"Ebo! Nani kasema?"

"Midomo ya watu, bwana. Kwa nini usimpokee yule mtoto kesho, jua linapochomoza, hapa hapa uani kwako? Waite wote. Uape mbele yao, wanyamaze."

Tembo akajikuna. "Jua linachomoza mimi bado nimelala."

"Ndiyo maana wanasema haishiki asubuhi."

"Waitwe!" Tembo akapiga mguu chini, puu! "Wewe Pimbi ni mdogo, lakini una akili ya wakubwa."

"Asante, bwana. Mimi nitakaa juu ya jabali langu, nionee raha kutoka kule."

Kulipokucha, uani kwa Tembo kulijaa. Jua lilikuwa bado nyuma ya jabali, na bonde lote lilikuwa ndani ya kivuli cha jabali, baridi tele. Bibi Twiga alikuja na kapu lake. Tembo alipiga miayo, haaawuuu! Chausiku alisimama katikati, ameshikishwa usinga mrefu kuliko yeye.

"Apa... basi," akasema Mzee Kobe.

"Naapa!" Tembo akasema. "Kikiangukiwa na kivuli, kimechukuliwa!"

Kijisauti kikatoka juu ya jabali. "Mzee Kobe! Muulize, hata asubuhi?"

"Hata asubuhi!"

"Muulize, hata kivuli cha mdogo?"

Tembo akacheka, tumbo likatikisika. "Kwani mdogo ana kivuli? Haya, hata cha mdogo!"

"Hata kitu chenye roho?"

"Chenye roho, chenye mkonga, chenye nini! Chochote! Naapa kwa pembe zangu! Paaaruuu!"

Na jua likatokeza.

Sasa tulieni. Jua lilipopanda nyuma ya jabali, kivuli cha jabali kikaanza kurudi nyuma, taratibu, kama mkeka unaokunjwa. Kwenye ukingo wake, juu kabisa, palikuwa na kitu. Masikio mawili ya mviringo. Mabega. Tumbo. Kilikuwa kikubwa kuliko nyumba, na kilikuwa kinakuja.

Kikalala juu ya ghala la Tembo.

"Langu!" ikaita sauti kutoka juu.

"Ala! Hicho ni kivuli cha jabali!" Tembo akapiga kelele.

"Cha jabali?" Pimbi akainua mkono, akajikuna kwapa. Pale chini, kivuli kikajikuna kwapa juu ya paa la ghala. Akacheza kidogo, akakata kiuno. Kivuli nacho kikakata kiuno. "Bwana Tembo, umewahi kuona jabali likicheza ngoma?"

Kivuli kikatelemka ghalani, kikaingia jikoni. "Langu!" Kikapita juu ya kapu la Twiga. "Langu!" Kikagusa kidole cha mguu wa Tembo. Kikapanda goti, kikapanda tumbo, kikamfika usoni.

"Wangu," akasema Pimbi.

"Mimi? Mimi si kitu!"

Mzee Kobe akafumba macho, akayafumbua. "Haijasema... kwamba... si kitu."

Tembo akaruka pembeni, guuu!, vumbi likatimka. "Kimeondoka! Mmeona? Hakiko tena juu yangu!"

Hapo Bi Digidigi, aliyekuwa analia tu tangu jana, akapaza sauti. "Na chako kilipoondoka juu ya mwanangu, ulinirudishia?"



Pimbi akashuka mbio, chaku chaku, hadi uani, kifua mbele. "Chausiku, mpe Tembo huo usinga. Atanipepea mimi. Twende nyumbani, Tembo."

Ndugu zangu, hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Maana wadogo walishangilia, halafu wakatazamana, halafu wakatazama jabali.

"Sheria idumu!" akapiga kelele Nguchiro. "Kesho Twiga ni wangu!"

"Twiga ni wangu mimi!" akajibu Kanga. "Nilimwona kwanza!"

"Tokeni njiani!"

Wakaanza kusukumana kuelekea jabalini, kacha kacha, mbio mbio, huyu anamkanyaga yule. Pimbi alisimama akicheka. Alijisikia mkubwa, na ilimpendeza, sitawaficha. Halafu akamwona Bi Digidigi. Amembeba Chausiku mgongoni, anarudi kinyumenyume, macho juu.

"Unakimbia nini, shoga? Tumeshinda!"

"Nguchiro ameshafika juu," akasema Bi Digidigi. "Kivuli chake nakiona kinakuja. Jana nilimkimbia Tembo, leo namkimbia Nguchiro. Nimeshinda nini?"

Kicheko kikamkauka Pimbi mdomoni. Akatazama: kweli, kivuli cha Nguchiro kilikuwa kinatambaa uani. Akamgeukia hakimu.

"Mzee Kobe, upesi! Sheria hii, tangu umeihifadhi, umewahi kuiuliza swali?"

"Sijawahi. Niliihifadhi... tu."

"Iulize leo! Iulize inamfaa nani!"

Kobe akatazama juu, akaona kivuli kinakuja upande wake. Akamtazama Chausiku na usinga wake. Akaingiza kichwa ndani ya gamba, akakaa humo, na Pimbi akawa anarukaruka kwa wahka. Kichwa kilipotoka, yule mzee alisema moja kwa moja, bila kupumzika, na hakuna aliyewahi kumsikia hivyo:

"Haifai. Imevunjwa. Kitu ni cha aliyekihangaikia. Mtoto si kitu, na mama yake si kitu, na Tembo si kitu. Kivuli ni cha yeyote anayechomwa na jua. Nani anapinga?"

Wakubwa wakamtazama Tembo.

"Sipingi!" Tembo akalia. "Semeni upesi sipingi, kivuli cha Nguchiro kinakuja!"

"Na wewe, Pimbi?" Kobe akauliza. "Tembo alikuwa wako."

Pimbi akamtazama Tembo kuanzia chini mpaka juu, na ilimchukua muda kumaliza. Akashusha pumzi. "Mwacheni aende. Chakula chake ningekitoa wapi?"

Nguchiro, kule juu ya jabali, akapiga kelele "Wangu! Wangu!" na hakuna aliyegeuka.

Siku ile, jua lilipofika utosini, Bi Digidigi alibeba sufuria lake kulihamisha, kwa mazoea tu. Akasimama nalo katikati ya uwanja. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaliweka chini, pale pale aliposimama.

Chausiku naye alikuwa amelala chali ndani ya kivuli cha Tembo. Jua likasogea, likamfikia usoni. Akafumbua jicho moja.

"Bwana Tembo," akasema, "sogea kidogo, jua linanichoma."

Tembo akanung'unika, akavuta mguu, akavuta mwingine, puu, puu. Akasogea.

Hadithi yangu mimi inakaa hapo kivulini, na anayeitaka aje aketi nayo. Funzo lake ni hili: sheria ikikuonea usingoje zamu yako ya kuonea wenzako, iulize inamfaa nani.