Mwaliko wa Mstari Mmoja

Hii nimetumiwa na wifi yangu wa Sikonge, nikaipenda. Isome mpaka mwisho, usiruke katikati kama kawaida yako.

Chama kimoja cha wafugaji nyuki kilikuwa na wanachama mia tatu, wametawanyika mijini na vijijini. Karani wao, Leokadia, alipewa kazi ya kuwatumia mwaliko kwa barua pepe: Jumamosi wanamuaga Bi Sikudhani, mpiga chapa aliyeitumikia ofisi miaka thelathini na moja. Mwenyewe asijue.

Leokadia akaipamba kwa HTML, yaani amri za kompyuta zinazopanga ukurasa: rangi ya asali, jedwali la ratiba, kila kitu. Kisha, kwa kuwa alisikia barua nyepesi hufika upesi, akaondoa kila Enter. Maandishi yote yakawa mstari mmoja, na akajisifu kweli.

Alipojitumia ya majaribio, ikafika imeharibika. Jedwali limevunjika, siku na mahali havionekani. Akabadilisha rangi, akatoa picha, akaandika jedwali upya. Wapi! Mwenyekiti naye, mtu asiye na subira, akamwambia kama mpaka kesho mchana mwaliko haujatoka, sherehe haipo. Leokadia alitaka kulia. Bi Sikudhani ndiye aliyemfundisha kazi, na sasa angeondoka bila hata kupigiwa makofi.

Mara Bi Sikudhani mwenyewe akaingia na birika la chai, akasimama nyuma yake. Leokadia akashtuka, kisha akajipa moyo kwamba mama wa watu hakuvaa miwani.

"Mwanangu, tangu nimeingia unavuta ukurasa kuelekea mkono wa kulia tu. Huo mstari unaishia wapi?"

"Hauishi, mama."

"Sisi kwenye taipureta, ukikaribia ukingo kengele inalia, unashuka mstari. Ukikaidi, herufi zinarundikana pembeni, hazisomeki. Hiyo mashine yako haina ukingo?"

Leokadia akaingia mtandaoni. Akatafuta, kumbe upo! Mitambo inayopokezana barua pepe njiani haitaki mstari uzidi herufi mia tisa tisini na nane. Ukizidi, mingine huukata popote, hata katikati ya amri inayojenga jedwali.

Akarudisha Enter baada ya kila amri, mistari ikawa mifupi. Akajitumia tena, ikafika nzima. Akawatumia wote, moyo mweupe.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama. Leokadia akamwendea mwenye sherehe yake, akamwomba radhi kwa kumficha.

Bi Sikudhani akacheka. "Mlinificha nini? Miwani yangu ni ya vitu vya karibu tu. Jina langu nililiona siku ile likipita kwenye mstari wako. Nikajisemea, nikinyamaza hapa nitaagwa na watu wawili."

Funzo: Mstari wako ukate mwenyewe panapofaa, kabla mtambo haujaukata pasipofaa. Na aliyekutangulia kazini muulize mapema, hata kama mashine yake siku hizi iko stoo.