Hati Mbili kwa Mwandiko Mmoja

Wamepokezana watu wa kheri, mmoja akimwachia mwenziwe, nasi tumepokea kama tulivyopewa, kwamba katika mji mmoja mkubwa wa Iraki palikuwa na wakili mcha Mungu akiitwa Mudrik bin Wahab, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mji gani, usiniulize. Nilikisikia kisa hiki Basra, wenyewe wakaapa ni chao. Nikakisikia katika mji wa Kufa, wakaapa ni chao. Nami kwa kuwa nilikuwa nakula chakula chao kote huko, niliwakubalia wote.

Mji wenyewe ulikuwa mkubwa, hata aliyezaliwa mtaa wa wafua shaba aliweza kufa hajauona mtaa wa watengeneza ngozi. Asubuhi ukungu wa mtoni uliingia vichochoroni, na watu wakawa wanatokeza humo kidogo kidogo: kilemba kwanza, kisha uso, kisha haja zao.

Haja hizo ziliishia kwa Mudrik. Baada ya sala ya Alfajiri aliketi kwenye ukumbi wa msikiti, ubao magotini na kidau cha wino ubavuni. Maskini asiyejua kuandika alimweleza dhulma yake, naye akamwandikia hati ya madai. Siku ya baraza alisimama mbele ya Kadhi akamsemea, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ujira hakupokea. Wakimletea tende, alikula moja ili wasione haya, zilizobaki akawarudishia.

Alikuwa na ada moja ambayo watu waliishangaa. Hakuuliza kamwe jina la anayedaiwa. Mtu akitaka kulitaja, Mudrik aliziba masikio, akasema, "Mwachie karani wa Kadhi, ataliandika yeye. Nafsi yangu ni mwoga. Ikisikia jina la mkubwa, kalamu itatetemeka." Ada hiyo ilimfaa miaka kumi na minane. Aliwasimamisha matajiri mbele ya Kadhi bila kujua ni matajiri. Mara moja alimshitaki shemeji yake mwenyewe, akajua pale alipomwona barazani amekunja uso.

Basi mwezi wa Rajabu alimjia mjane akiitwa Raita, msokota sufi, na binti zake wawili wamemshika nguo. Alisema, "Sheikh, palikuwa na mzee fundi viatu, hana mke wala mtoto wala ndugu. Nilimpikia na kumfulia katika maradhi yake. Wiki moja kabla ya kufa aliniambia, chumba hiki kinachotazama kisima ni chako, ingia na wanao. Tukaingia. Sasa yupo anayedai ni chake."

"Nani alisikia mzee akisema hayo?"

"Mimi na yeye. Na Mungu."

"Wa tatu ndiye bora," akasema Mudrik, "ila karani hawezi kumwita." Akaandika.

Wiki mbili baadaye, ukungu ukiwa mzito, alitokeza mchukuzi wa maji mwenye goti bovu, kiriba begani, jina lake Nufaili. Alisema kuna mzee fundi viatu, Mungu amrehemu, alimpa chumba nyuma ya soko la ngozi, akamkabidhi na ufunguo mbele ya majirani wawili. Tangu mzee afe, kuna mtu ameingia humo na kukataa kutoka, na yeye analala ukumbini mwa soko na goti lake. Mudrik alisikitika. Alijisemea moyoni kwamba mwaka huu mafundi viatu wanakufa sana, akawaombea rehema wote wawili. Akaandika.

Mnamcheka, najua, lakini kwa mtu anayesikiliza vilio arubaini kwa wiki, vyote mwisho huwa kama kilio kimoja kinachosikika kwa mbali, usingizini.

Asubuhi ya siku moja kabla ya baraza, Nufaili alirudi. Aliketi, maji yakidondoka kwenye kiriba chake, tone, tone. Kisha akasema, "Sheikh, nikikuambia jambo, ni amana?"

"Ni amana."

"Ule ufunguo nilimrudishia mzee. Alinitania goti langu mbele ya watu, nikachemka. Jioni nikamfuata peke yake, nikautupa miguuni pake. Nikamwambia, chumba chako na kikufae, sikitaki. Hakuna aliyeona."

"Ndugu yangu, zawadi uliyoitupa si yako tena. Kaiondoe hati."

"Nitafikiri."

"Usipoiondoa, mimi kesho sitakusemea."

"Usinisemee. Lakini usiniseme pia." Akajitwika kiriba chake, akazama ukunguni.

Kesho yake baraza, pale pale msikitini, lilijaa. Karani alisoma hati ya Raita, mdai wa chumba dhidi ya Nufaili. Akasoma ya Nufaili, mdai wa chumba hicho hicho dhidi ya Raita. Kadhi aliziweka sambamba, akazitazama, akainua macho.

"Mudrik, huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, Mwenyezi Mungu akuhifadhi."

"Na huu?"

"Na huo pia ni wangu."

Watu wakacheka. Wakili mmoja wa kulipwa, mwenye kilemba cha hariri, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hayo ndiyo ya kitu cha bure. Unafika nacho nyumbani, unakuta jirani naye kapewa."

Mudrik hakucheka wala hakukasirika. Damu ilikuwa imemhama usoni, kwa kuwa wakati ule ndipo alipofahamu kwamba ufunguo uliotupwa na chumba cha mjane ni kisa kimoja, na kwamba haki ya mwanamke huyu ilikuwa imelala ndani ya kifua chake yeye.

"Unamsemea nani?" akauliza Kadhi.

"Simsemei yeyote, ewe Kadhi. Kila mmoja aliniamini kwa siri yake. Kosa ni langu, wao hawana kosa."

Majirani wawili wakashuhudia kwamba Nufaili alipewa ufunguo, na hilo lilikuwa kweli. Raita hakuwa na shahidi. Kadhi akasema, "Mwenye mashahidi ni Nufaili. Lakini aliyetoa amekufa na hawezi kujisemea, kwa hiyo kimebaki kiapo. Nufaili ataapa kwamba zawadi ile haikuvunjika mpaka mzee anafariki. Nitakipokea baada ya sala ya Alasiri. Akiapa, mama huyu atoke leo."

Watu wakatawanyika. Raita alimfuata Mudrik mpaka ukumbini. Hakupaza sauti.

"Sheikh, unajua kitu. Nimeuona uso wako."

Mudrik akapangusa wino vidoleni.

"Sema kimoja tu."

"Binti yangu, nikiitoa siri ya mwenzio leo, kesho nitaitoa yako."

"Yangu itoe hata kwa mpiga mbiu. Mimi sikuficha kitu."

Mudrik akawatazama binti zake, akasema, "Nyumbani kwangu mna nafasi. Mke wangu atawapokea wewe na watoto."

"Sikuja kwako kuomba sadaka," akasema Raita. "Nilikuja kutafuta haki yangu." Akaenda kuketi mbali, akawalaza binti zake mapajani.

Mudrik akaenda kuketi karibu na Nufaili. Alimega mkate wake, akampa nusu. Nufaili aliushika tu, hakula.

"Basi niambie. Niambie nitaungua motoni," akasema.

"Unayajua hayo kuliko mimi."

"Utamwambia Kadhi?"

"Sitamwambia."

"Hata nikiapa?"

"Hata ukiapa. Nitalia, lakini sitasema."

Jua lilipita kwenye vitundu vya dirisha, likamwaga sakafuni nyota za mchana, na nyota hizo zikawa zinatambaa polepole kutoka nguzo hadi nguzo. Hapa nakiri kwamba mja mwema huyu, katika saa nzito kuliko zote za maisha yake, alisinzia. Wasimulizi wengine hulificha jambo hili, lakini mimi limenifariji mara nyingi. Akaota mzee asiyemjua, amebeba mlango mgongoni, anatembea katika jangwa jeupe lisilo na nyumba hata moja. Kila anayekutana naye anamwomba, "Nisaidie kuutua." Mudrik akainyoosha mikono yake, ikawa haifiki. Mzee akamwambia kwa upole, "Si wewe, mwanangu," akapita. Mudrik akazinduka na machozi ndevuni, muadhini akiita Alasiri.

Baada ya sala, Nufaili aliitwa. Alisimama mbele ya mimbari, kwa goti lile, amejiegemeza upande. Raita alikuwa ameshafunga kitita chake cha nguo. Kadhi akamtamkia maneno ya kiapo, naye akaanza, "Wallahi..." akakoma. Akageuka, akamtazama Mudrik. Mudrik alikuwa ameinamisha kichwa, analia.

"Malizia," akasema Kadhi.

"Siwezi," akasema Nufaili. "Nilimrudishia mzee ufunguo wake, ewe Kadhi, siku nyingi kabla hajafa. Nilimtupia. Huyu bwana anajua tangu jana asubuhi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mchana kutwa nilikuwa nangoja anisaliti. Angenisaliti, ningemkasirikia, na mimi nikikasirika naweza kuapa lolote. Hakunisaliti. Sasa sina wa kumkasirikia ila nafsi yangu."

Hata wa kilemba cha hariri akatazama viatu vyake. Kadhi akasema, "Mtu akikiri juu ya nafsi yake, ikirari hiyo yatosha, na mwingine anayekidai hayupo. Chumba ni cha Raita."

Raita alikishika kitita chake, asikifungue. Akauliza, "Na kibaraza cha mlangoni, ewe Kadhi, kile chenye paa, nacho ni changu?"

"Ni chako."

"Basi alale pale huyu, mvua zisije zikamkuta na goti hilo. Atanijazia mtungi."

Najua mnachongoja. Mnangoja waoane. Hata barazani pale palikuwa na mmoja aliyelisema, na Raita akamjibu, "Namsikia anavyokoroma kisimani mchana. Mikoromo hiyo ibaki nje." Hawakuoana. Alilala kibarazani miaka tisa, na mtungi haukukauka.

Wakati wa kutoka, Raita alisimama mbele ya Mudrik. "Nilikuambia maneno makali, Sheikh."

"Ulisema haki yako, binti yangu. Mimi ndiye sikuwa na la kusema."

Wenye elimu wamebishana kama alifanya sawa, na mimi si mtu wa kuwaamua. Ninachojua ni kwamba alikuwa na neno moja la kumwokoa mnyonge na kujiokoa mwenyewe na aibu, na neno hilo halikuwa lake. Akasubiri, akilaumiwa, mpaka mwenye neno akalitoa mwenyewe, na mtu aliyeingia barazani akiwa mwongo akatoka mkweli. Mimi ningekuwa mahali pake, siri nisingeitoa, hasha. Ningekohoa tu. Ningekohoa mara mbili, nikamtazama Kadhi, nikamtazama Nufaili. Mwenyezi Mungu awarehemu waliojua kunyamaza, na atusamehe sisi wenye vikohozi.